Aliyeiwekea Injini Matanga

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye kiti cha kinyozi hapa Karatu mjini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili bado, simu yangu ilianza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Lilikuwa kundi letu la wasapu la wapenzi wa ile injini ya dizeli ya silinda sita, ambayo sisi tunaiita Sita tu, kama mtu na jina lake. Mwenyekiti wa kundi alikuwa ameandika kwamba mwenzetu, dereva mstaafu wa watalii na mwenye mdomo kuliko sisi wote, ametutoka. Na wanachama, Mungu atusamehe, walikuwa wanajibu kwa vicheko. Mmoja aliuliza, "Safari hii imekufa pampu au zimekufa nozeli?" Mwingine akaandika kwamba yeye hachangi hata kijiko cha sukari mpaka aoneshwe maiti. Vicheko viliendelea mpaka binti wa huyo mzee alipoweka ujumbe wa sauti, mfupi tu: "Shikamooni baba zangu. Ni kweli. Ni baba. Amekula chakula cha mchana, akajiegesha kwenye kiti chake, hakuamka." Mimi nikajivua shuka la kinyozi, nikatoka na kichwa nusu, na ndivyo nilivyofika msibani.

Msomaji wangu, usituhukumu haraka. Huyu bwana tulikuwa tumeshamlilia mara moja akiwa hai na afya yake, amesimama getini kwake na kikombe cha chai mkononi. Nitakueleza ilivyokuwa, maana nimejaribu kuiandika safu hii kwa huzuni kama inavyotakiwa na nimeshindwa. Kila nikianza sentensi ya majonzi, yeye anaingilia katikati na kunichekesha. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa akiwashusha wageni kreta ya Ngorongoro, kwenye gari refu la safari lenye paa la kufunguka, na humo ndani mlikuwa na Sita. Akiwa sebuleni kwake anakunywa uji, gari likipita barabarani, alikuwa anaweza kukwambia ni la nani, na kwamba mwenyewe ana uvivu wa kubadilisha oili. Mimi nina kigari kidogo cha petroli cha kunipeleka sokoni na kunirudisha. Alikiita cherehani. Kila nilipokwenda kwake alinikaribisha kwa kuniuliza leo nimekuja kushona nini, na mpaka anakufa hajawahi kuchoka na swali hilo.

Basi ikaja habari kwamba kiwanda huko ng'ambo kinaachana na Sita. Kwa wasiojua magari nitasema hivi: injini hiyo haina kompyuta, haina taa za kutishia watu kwenye dashibodi, na fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Oloipiri anaweza kuifungua chini ya mgunga asubuhi, akaifunga jioni, gari likaondoka. Mahali pake ingekuja injini ya silinda nne, yenye turbo na gia za kujibadilisha zenyewe. Hapa Karatu, ambako nusu ya watu ni madereva na nusu iliyobaki wamewahi kusukuma gari la dereva, habari hiyo ilitua vibaya. Mafundi walikaa juu ya matairi nje ya gereji wakitazamana. Kundini kuliandikwa maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapisha. Mmoja alipendekeza tuandamane, akaulizwa tuandamane kwenda wapi na kiwanda kiko ng'ambo ya bahari. Akasema basi angalau tuandamane mpaka geti la hifadhi pale Loduare na kurudi. Ni huyu rafiki yangu mstaafu aliyekuja na wazo lililoshinda yote. "Aliyekulea akifa, huandamani," alituambia. "Unamwekea matanga."

Nilidhani ni utani wake wa kila siku. Jumamosi nikaenda kwake nikakuta turubai limefungwa uani, viti vya parokia vimepangwa, sufuria kubwa ziko mafigani. Chini ya turubai, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kimelazwa kichwa cha injini ya zamani iliyokwisha kazi, kimeoshwa mpaka kinang'aa, kimefunikwa khanga ya mke wake. Mke wake alikuwa jikoni akilalamikia khanga hiyo. Sasa kosa walilolifanya, na hili ni kosa ambalo lingeweza kufanyika huku kwetu tu, ni kwamba hawakuwaambia majirani. Huku juu mtu hangoji kuambiwa. Ukiona turubai, viti vya parokia na sufuria kubwa kwa jirani, na hujasikia habari ya harusi, unabeba kuni na unga unakwenda. Maswali utauliza ukishafika. Na kwa kuwa kwenye nyumba ile mzee alikuwa mmoja, kila mtu alijua moja kwa moja ni nani aliyekufa. Kina mama wa jumuiya wakaja kwa mstari, wengine kuni kichwani, wengine unga, mwenyekiti wao yuko mbele na ndoo ya maharage, analia kwa sauti na kulitaja jina la marehemu. Marehemu ndiye aliyemfungulia geti.

Yule mama aliiachia ndoo. Maharage yakamwagika yote, naye akamtazama rafiki yangu kuanzia miguuni kwenda juu, nadhani akihakikisha kwamba nyayo zinagusa chini. "Karibu mama," rafiki yangu akamwambia kwa upole wote, "pole na njia. Msiba upo, ila ni wa injini." Mama yule akafikiri kidogo, akajifuta uso na ncha ya kitenge. "Baba, mimi nimeshalia," akasema. "Machozi yangu hayarudi ndani. Mtanilisha." Na kweli walilishwa, wao na kila aliyekuja, na walikuja wengi. Mwenye duka la spea pale mjini alifika na kanzu na kofia yake, akaketi, akainamisha kichwa, akauliza kwa heshima marehemu anazikwa saa ngapi. Alipooneshwa ile meza aliinua khanga, akachungulia, akairudisha polepole. Nilidhani ataondoka na hasira. Akasema, "Jamani, kumbe mfiwa ni mimi," huku akiyafikiria makabati yake yaliyojaa vipuri vya Sita, na nina hakika huyo ndiye mtu pekee aliyehuzunika kweli siku ile.

Kisha rafiki yangu akasimama kutoa wasifu. Hakuwa na karatasi. "Marehemu alizaliwa ng'ambo," alianza, na sauti ameishusha kama padri, "lakini akalelewa na tope la Oldeani. Hakuchagua dizeli. Aliyempa safi alimshukuru, aliyempa chafu alimvumilia. Amevuta malori ya kahawa, amebeba wagonjwa, amewahisha maharusi waliochelewa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwasha taa ya kulalamika. Ameacha pampu moja, nozeli sita, na wajane mnaowaona hapa." Wajane wenyewe ni sisi, wanaume watupu, wenye vitambi na oili kwenye kucha. Tulicheka mpaka kiti cha parokia kikavunjika chini ya fundi mmoja mnene, na huyo naye akapewa pole yake. Mimi nimehudhuria sherehe nyingi, nyingine za wakubwa, lakini sijapata kufurahi kama nilivyofurahi kwenye msiba ule.

Katikati ya vicheko hivyo ndipo alipofika binti yake. Huyu ni dereva wa watalii kama baba, na baba ndiye aliyemfundisha, ndani ya Sita, kwenye njia za mashamba ya Oldeani, tangu miguu yake ilipoanza kufikia pedali. Sasa kampuni anayofanyia kazi ilikuwa imempa gari jipya, lenye hiyo hiyo injini mpya tuliyokuwa tukiilaani. Wakamzuia getini huku wakicheka, wakamwambia muuaji haingii msibani. Naye alicheka, maana ni mtoto wa baba yake, akaliegesha nje na kuingia kwa miguu. Akamwinamia mzee, akasema mbele ya watu wote, "Shikamoo baba. Pole kwa msiba. Kesho sina wageni. Nataka nikushushe kreta, wewe ukae pembeni yangu, uone ninavyoendesha." Baba mtu akamjibu kwamba yeye hapandi gari la muuaji kabla arobaini haijaisha, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Arobaini ikaisha, masika yakapita, yakaja mengine, na bado hakupanda. Kila alipoombwa alikuwa na jibu, na kila jibu lilichekesha kuliko lililopita.

Kuna siku tulialikwa harusi Oldeani, na gari lake likawa gereji na klachi mkononi mwa fundi. Binti akaja kumchukua na gari jipya, amelisugua linameremeta, amevaa gauni la harusi na viatu vya kuendeshea. Mzee akatazama gari, akatazama barabara, akaona lori la vitunguu linapita, na ndani ya lori hilo, bila shaka, mnanguruma Sita. Akalipungia mkono. Ndani ya kabini palikuwa pamejaa, kwa hiyo akapanda juu, na suti yake na tai yake, akaketi kwenye magunia. Mimi nilikuwa nyuma na cherehani yangu, nikayaona yote. Lori lilikwenda mwendo wa kobe, na binti aliendesha nyuma yake njia nzima, taa zimewashwa, huku baba yake huko juu akimpungia mkono kama waziri. Aliingia kanisani ananuka vitunguu, kifua mbele. Bibi harusi alipompa mkono machozi yalimtoka, na mpaka leo hatujui kama ni ya furaha.

Jioni yake, watu wakicheza, binti alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa amecheka vya kutosha siku ile na sasa amechoka kucheka. "Baba mdogo," aliniambia, "baba anadhani naringia gari. Gari si langu, ni la kampuni, kesho wanaweza wakampa mwingine. Mimi nataka tu akae pale pembeni yangu mara moja, kama mimi nilivyokaa pembeni yake. Aniambie nimeiva au sijaiva. Wageni wananisifia kila siku, lakini wageni wanajua nini?" Nilimfikishia baba yake ujumbe huo neno kwa neno. "Nitapanda," akasema. "Haraka ya nini? Kreta haihami."

Nimewahi kujiuliza kwa nini watu wazima wenye wajukuu wanaweza kulilia chuma. Jibu nililipata siku ile ya matanga, baada ya wasifu, watu walipoanza kusimulia. Hakuna hata mmoja aliyesimulia injini. Mmoja alisimulia mke wake alivyoshikwa na uchungu njiani, mvua inanyesha, na gari likafika. Mwingine alisimulia mshahara wake wa kwanza kama dereva, na mama yake alivyoupokea kwa mikono miwili. Tulikuwa tunaulilia ujana wetu, na ule ujuzi ambao ulitufanya tuwe watu mbele za watu, kwamba gari likizima porini, sisi ndio tunaotazamwa. Leo gari likizima mtu anachomeka waya na kompyuta inamwambia ugonjwa, na dereva anabaki kando na spana zake kama mgeni. Hilo linauma, nisidanganye. Lakini nisidanganye pia kwamba Sita ilikuwa malaika. Ilikuwa na moshi wa kufukuza nyuki, na kelele zake zilimpa faru muda wa kutosha kuamua hataki kuonwa. Rafiki yangu alipenda kunipiga na methali, kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilikuwa namjibu kwamba na cha zamani nacho kina vidonda, ila tumevizoea. Hapo ananiambia nirudi kwenye cherehani yangu nikamalizie suruali ya watu.

Sasa tuje siku ya mazishi. Alikuwa akizikwa nyumbani kwao Mbulumbulu, na tulikusanyika hospitalini kumchukua. Msomaji, ungeuona uwanja ule. Kila mwenye Sita katika wilaya hii alikuja nayo, na kila mmoja aliamini kwamba gari lake ndilo litakalobeba jeneza. Ubishi ukaanza kwa heshima, wa chini chini, gari la nani lina springi laini, la nani lilipewa sifa na marehemu mwenyewe. Kisha mmoja akawasha injini ili watu wasikie ilivyotulia. Mwingine naye akawasha. Kufumba na kufumbua zilikuwa zinanguruma zote, moshi mweusi umetanda mpaka kwenye madirisha ya wodi, padri anakohoa ndani ya kitambaa, na muuguzi ametoka nje kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Sisi tunalia na kucheka, hatujui machozi yapi ni ya moshi na yapi ya msiba. Nina hakika angekuwepo angewaita mmoja mmoja na kuwaambia makosa ya injini zao.

Nyuma ya wote, karibu na ukuta, binti yake alikuwa amesimama kando ya gari lake jipya. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, ameng'oa viti vya nyuma mwenyewe, ametandika mkeka na shuka jeupe. Akaja mbele, akamwambia mwenyekiti wa kundi letu kwamba anaomba kumbeba baba yake. Kelele za injini zikapungua moja baada ya nyingine, kila mtu anataka kusikia. Mwenyekiti alikuwa mpole, lakini alikataa. "Binti yetu, tunakuelewa," alisema. "Ila baba yako mwenyewe alikataa kulipanda, mbele yetu sote. Tukimpakia leo tutakuwa tunamwonea, hawezi kujitetea." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Binti hakubishana. Aliangalia chini, funguo za gari zikiwa mkononi.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka na kina mama. Akainuka polepole, akajifunga kitenge vizuri, akaja mpaka pale katikati ya madereva. "Alikataa akiwa na miguu ya kushukia," alisema. "Leo hashuki. Mpakieni." Halafu yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomzidi nguvu, tukashindwa kujizuia, tukacheka uwanja mzima wa hospitali na jeneza liko mbele yetu, mpaka kicheko chake kikageuka kilio na kina mama wakamshika. Wenye Sita hao hao ndio waliolibeba jeneza mabegani na kulisukuma ndani ya gari la binti, taratibu, wakiambiana wasilikwaruze.

Mimi nilipanda nyuma, pembeni ya jeneza, mkono wangu mmoja juu yake. Kiti cha mbele, pembeni ya dereva, binti aliomba kibaki wazi. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ile njia ya kupanda Mbulumbulu mnaijua ikilowa inavyokuwa. Msafara wote wa Sita ukawa nyuma yetu, unanguruma, na ndani ya gari letu kulikuwa na utulivu kiasi kwamba nilisikia kila alichosema binti. Alikuwa anazungumza na baba yake, kwa sauti ile ile anayotumia kwa wageni. "Baba, kona hii ni mbaya, tunaichukua kwa nje. Hapa napunguza. Hapa kuna jiwe, nimeliona." Kwenye mlima wa mwisho, wenye utelezi, aliacha kuzungumza. Aliupanda wote bila kuteleza hata kidogo, na jeneza halikusogea chini ya mkono wangu.

Tulipofika juu na kusimama kungoja wenzetu, mwenyekiti aliteremka kwenye Sita yake, tope mpaka magotini, akaja dirishani kwake akavua kofia. "Binti," akamwambia, "mimi nimeendesha miaka mingi. Nimekufuata njia nzima nikikuangalia. Umeiva." Binti alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili. "Asante baba," akasema. "Lakini nilitaka aniambie yeye."

Wazee wenzangu wapenda injini, niliyoyaona dirishani pale yananitosha, na sina hotuba ndefu ya kuwapa. Rafiki yangu alikuwa mtu mzuri kuliko wengi, na alimpenda mtoto wake, na alikuwa na nia ya kupanda. Alidhani tu kwamba muda upo. Ubishi wetu ni mtamu na tuendelee nao mpaka tufe. Lakini mwanao akikufungulia mlango wa gari lake, lenye injini yoyote ile, panda. Mkiwa njiani mtabishana, na ukifika, mwambie ulivyomwona.